Kadi ipo, Wi-Fi haipo: kisa cha laptopu ya mpwa wangu

Ujumbe uliingia saa tano usiku. "Shikamoo anko. Linux imeigomea Wi-Fi. Siku ya tatu hii nahangaika. Nirudishe tu Windows?"

Nikamjibu marahaba, nikamsihi asirudishe chochote kwanza. Kisha nikamuuliza swali lililomkera, maana alikaa kimya dakika kadhaa kabla ya kujibu: humo ndani kuna kadi gani ya Wi-Fi?

"Ya laptopu, anko."

Mpwa wangu huyu yuko mwaka wa pili chuoni Morogoro. Laptopu ni ya mtumba, kaipata Kariakoo, ya miaka ya 2014 hivi, RAM ya gigabaiti 4. Windows ilikuwa inajikokota mpaka inatia huruma, ndipo mwenzake wa chumbani akampa flashi yenye Ubuntu 22.04, mojawapo ya matoleo ya Linux. Akaisimika mwenyewe, na nampongeza kwa hilo. Sauti ikatoka, kamera ikawaka, padi ya kidole ikaitika, alama ya Bluetooth ikajitokeza. Wi-Fi tu ndiyo iliyokosekana, na haikukosekana kwa kukataa nenosiri wala kwa kukatikakatika. Kwenye mipangilio paliandikwa "No Wi-Fi Adapter Found", kwamba hakuna kadi yoyote iliyoonekana.

Nakiandika kisa hiki kirefu kwa sababu ndani yake mlikuwa na hitilafu tatu zilizolaliana, na mbili kati ya hizo zilizaliwa na jitihada za mwenye laptopu. "Wi-Fi haifanyi kazi" ni malalamiko kama "tumbo linauma". Mganga anayetoa dawa kwa kusikia hayo tu utamkimbia, lakini mtu akiwa mbele ya terminali, ile skrini ya kuandikia amri, anajipa dawa tano kwa usiku mmoja.

Nilimwomba aniambie kila alichofanya tangu siku ya kwanza, bila kuona haya. Orodha yake ilikuwa hivi. Alikuta maelekezo yanayosema aandike `sudo modprobe iwlwifi`, akaandika, terminali haikusema kitu, akadhani imekubali. Akakuta mengine ya `rfkill unblock all`, amri ya kufungulia redio zilizozimwa. Akaandika, kimya tena. Siku ya pili akapata maelekezo ya mtu mwenye kadi ya zamani zaidi ya kampuni hiyohiyo iliyotengeneza ya kwake, yenye kutaka draiva, yaani programu inayoendesha kifaa, iitwayo b43. Akapakua mafaili kwa simu, akayahamishia kwenye laptopu, akayanakili ndani ya `/lib/firmware`. Maelekezo hayohayo yalimtaka aongeze mstari mmoja kwenye faili moja la mipangilio. Akauongeza, akausahau. Mstari huo mtauona tena.

Ukimya wa terminali unahitaji maelezo, kwa sababu unawapoteza wengi. Amri ya `modprobe` inaingiza moduli, kipande cha programu kama draiva, kwenye kerneli, kiini cha Linux. Moduli ya iwlwifi ni ya kadi za Intel, na kerneli itaipokea hata kama kadi ya Intel haimo ndani ya mashine. Itaingia, itatazama huku na huku, haitaona wa kumhudumia, itakaa. Amri imefanya ilichoagizwa, hivyo haina cha kulalamikia. Aliyezoea kuambiwa "hongera, umefanikiwa" na kila programu anaona kimya hicho kama ushindi, halafu anashangaa mbona hakuna kilichobadilika.

Basi tukaanza mwanzo. Nikamwandikia amri moja, nikamwambia aipige picha skrini:

`lspci -nnk | grep -iA3 network`

Picha ikaja, imekaa upande, imepigwa chini ya taa ya chumba. Mistari iliyokuwa na maana ilikuwa hii:

`02:00.0 Network controller [0280]: Broadcom Inc. and subsidiaries BCM43142 802.11b/g/n [14e4:4365] (rev 01)`

`Kernel driver in use: bcma-pci-bridge`

`Kernel modules: bcma`

Hapo nusu ya kazi ilikwisha. Kadi inaonekana, kwa hiyo haijafa wala haijachomoka. Jina lake BCM43142. Zile namba kwenye mabano, `14e4:4365`, ndizo kitambulisho chake halisi: ya kwanza ni ya mtengenezaji, Broadcom, na ya pili ni ya chipu. Ukitafuta msaada popote, tafuta kwa namba hizo. Usitafute kwa jina la laptopu, kwa sababu modeli moja ya laptopu inaweza kutoka kiwandani na kadi tofauti kulingana na toleo.

Mpwa wangu akaona neno `driver in use`, akafurahi. "Si ipo draiva hapo, anko?" Swali zuri. Hiyo `bcma-pci-bridge` ni daraja tu. Inaitambua chipu ya Broadcom, inafungua njia ya kuifikia, kisha inangoja draiva yenyewe ipite juu yake kwenda kuiendesha redio. Kwa kadi nyingine za Broadcom anapita b43 au brcmsmac. Kwa BCM43142, hakuna hata mmoja wa hao anayeijua. Daraja limejengwa, gari halipo. Nikamwambia apige `ip link`, inayoorodhesha njia za mtandao, tukaona `lo`, ya mashine kujizungumzia yenyewe, na ile ya waya inayoanza na `en`, basi. Kadi ya Wi-Fi iliyopata draiva ingeonekana hapo kwa jina linaloanza na `wl`.

Na Bluetooth je, mbona ilionekana ilhali iko kwenye kadi hiyohiyo? Kwenye kadi za aina hii Wi-Fi inapita njia ya PCI na Bluetooth inapita njia ya USB, ingawa vyote vimebanwa kwenye kibao kimoja. Nyumba moja, milango miwili. Mlango mmoja kufunguka hakukuambii chochote kuhusu wa pili.

Kwa nini kadi hii ina shida wakati ya jirani yake inawaka yenyewe? Draiva nyingi za Wi-Fi zimo ndani ya kerneli ya Linux tayari. Kadi za Intel zina iwlwifi, na famuwea zake, yaani programu ndogo inayopakiwa ndani ya kadi yenyewe, zinakuja na pakeji ya linux-firmware. Kadi nyingi za Atheros za zamani zina ath9k, na hizo hata famuwea hazihitaji. Broadcom wana historia ndefu zaidi. Kwa miaka mingi draiva huria, zenye msimbo ulio wazi kwa wote, za kadi zao zilitengenezwa na watu wa nje waliochunguza kadi inavyofanya kazi bila kupewa michoro. Ndiko ilikotoka b43. Mwaka 2010 kampuni yenyewe ikatoa draiva huria kwa baadhi ya chipu. BCM43142 haikuangukia upande huo. Hii inategemea draiva iitwayo wl, ambayo ni chotara: kiini chake ni faili lililofungwa tayari, lisilosomeka, na juu yake kuna ganda la msimbo wazi ambalo lazima likusanywe upya, yaani ligeuzwe kuwa moduli, kwa kila kerneli. Toleo ambalo Ubuntu wanalibeba, 6.30.223.271, ni la mwaka 2015. Linaishi mpaka leo kwa sababu watu wa Ubuntu, Debian na wengineo wanalitia viraka kerneli inapobadilika.

Kwa kuwa si huria, Ubuntu hawaiweki kimyakimya. Wakati wa kusimika kuna kisanduku kinachouliza kama unataka programu za nje kwa ajili ya michoro na Wi-Fi. Nikamuuliza kama alikiweka alama.

"Nilikiweka, kikaniambia niunde nenosiri la Secure Boot. Nikaogopa, nikakitoa."

Kumbe! Chanzo cha siku tatu za mateso ndicho hicho. Na la kuumiza zaidi, pakeji ya draiva hiyo ilikuwamo kwenye flashi ileile aliyosimikia, ndani ya folda ya `pool`, chini ya `restricted`. Dawa alikuwa nayo mfukoni muda wote. Simlaumu. Mtu anayesimika Linux kwa mara ya kwanza, na laptopu ndiyo hiyo pekee aliyonayo, akiulizwa nenosiri la kitu asichokijua atarudi nyuma. Lawama naiweka kwenye maandishi ya skrini ile, ambayo hayamwelezi mgeni nenosiri hilo ni la nini wala litahitajika lini.

Tukaja kwenye kitendawili cha kila anayeanza: ili upate intaneti unahitaji draiva, na ili upate draiva unahitaji intaneti. Nikamwambia atumie simu. Baada ya muda akanijibu kwamba amewasha hotspoti na laptopu haiioni. Nikacheka peke yangu, kisha nikaona kosa ni langu. Hotspoti ya simu ni Wi-Fi, na Wi-Fi ndiyo tuliyokuwa hatuna. Nilichomaanisha ni kuunganisha simu kwa waya wa USB, halafu kwenye mipangilio ya simu kuwasha chaguo la kushirikisha intaneti kwa USB. Simu ikiwa hivyo, Ubuntu inaiona kama kadi ya mtandao wa waya, haidai draiva yoyote ya ziada, na ndani ya sekunde chache alama ya mtandao inatokea juu kulia.

Kwake haikutokea, na chaguo lenyewe kwenye simu lilikuwa limefifia, haligusiki. Waya ulikuwa ule wa kuchajia tu, wa bei ya chee, usio na nyaya za kupitishia data ndani yake. Akaazima wa mwenzake, laptopu ikapata intaneti mara moja. Nimeona mabingwa wakipoteza saa nzima hapo, kwa hiyo nalisema kwa herufi kubwa: JARIBU WAYA MWINGINE kabla hujaanza kumtukana Linus Torvalds, aliyeianzisha Linux.

Kuhusu bando, nilimwonya azime kwanza usasishaji wa moja kwa moja. Ubuntu mpya ikionja intaneti inaweza kuanza kujivutia masasisho yake kwa mamia ya megabaiti, na bando la mwanafunzi likaisha kabla draiva haijafika. Draiva yenyewe ni ndogo.

`sudo apt update`

`sudo apt install bcmwl-kernel-source`

Ikapakua, ikaanza kujikusanya kwa DKMS, ule utaratibu wa kujenga moduli papo hapo kwa kerneli iliyopo. Kisha ikamtolea skrini ya kijivu na zambarau inayodai nenosiri la Secure Boot. Safari hii akaliweka. Akawasha upya mashine. Akaniambia hakuna kitu. Nikamwomba aandike `sudo modprobe wl`, na sasa terminali ikafungua kinywa:

`modprobe: ERROR: could not insert 'wl': Key was rejected by service`

Huu ni ujumbe mzuri sana, ingawa unatisha. Unasema moduli ipo, imejengwa sawasawa, ila mlinzi kaikataa kwa sababu sahihi yake haitambuliki. Mlinzi mwenyewe ni Secure Boot. Kazi yake ni kuhakikisha kwamba kinachoingia kwenye kerneli kimetiwa sahihi na mtu anayeaminika. Draiva zilizokuja na Ubuntu zina sahihi ya Ubuntu. Hii ya wl imejengwa dakika hiyohiyo ndani ya laptopu ya mpwa wangu, kwa hiyo imetiwa sahihi kwa ufunguo uliozaliwa ndani ya laptopu hiyo, na bodi ya mashine haijawahi kuuona ufunguo huo. Lazima mtu aliyekaa mbele ya mashine, kwa mikono yake, aithibitishie bodi kwamba ufunguo ni wake. Ndiyo maana ya lile nenosiri: unaliunda ukiwa ndani ya Ubuntu, unaliandika tena kwenye skrini ya kabla ya Ubuntu, ili ijulikane aliyeomba na aliyethibitisha ni mtu mmoja. Baada ya hapo kazi yake imekwisha.

"Ulipowasha upya, hukuona skrini ya bluu?"

"Niliiona. Nikajua Windows ya zamani inakata roho huko ndani. Nikaiacha ipite."

Skrini hiyo inakusubiri sekunde kumi tu. Usipobonyeza kitufe, mashine inaendelea kuwaka kama kawaida na ufunguo unabaki nje ya mlango.

Wapo watakaosema kwa nini asiingie BIOS, mipangilio ya bodi inayotangulia mfumo, akaizima Secure Boot, yaishe. Ni njia halali na ni fupi. Kwetu haikuwezekana: BIOS ilikuwa na nenosiri la mwenye mashine wa kwanza, kama zilivyo laptopu nyingi za mtumba zilizotoka maofisini ng'ambo, na muuzaji alisema halijui. Kusema kweli, hata ingewezekana ningemfundisha njia ya ufunguo, kwa sababu ni dakika tatu na anabaki na ulinzi wake.

Tuliirudia hatua hiyo, na hapa nilimtumia ujumbe wa sauti mrefu aliousikiliza mara mbili kabla ya kugusa kitu. Kwanza:

`mokutil --sb-state`

Ilikataa. Picha ikaonyesha kwa nini. Mimi niliandika vistari viwili, simu yangu ikavigeuza kuwa kistari kimoja kirefu, naye akanakili kile alichokiona. Kwenye terminali vistari viwili vifupi ni viwili kweli. Alipoandika sawasawa, ikajibu `SecureBoot enabled`. Kisha:

`sudo mokutil --import /var/lib/shim-signed/mok/MOK.der`

Ikamwomba nenosiri jipya mara mbili. Nikamshauri atumie herufi ndogo na tarakimu tu, kwa sababu skrini ya bluu inachukulia kibodi ni ya Kimarekani, na alama maalumu zinaweza kuhama mahali kama laptopu imetoka nchi yenye kibodi ya namna nyingine. Herufi hazionekani unapoziandika, wala nyota hazitokei. Akawasha upya. Bluu ilipotokea akabonyeza kitufe haraka, akachagua `Enroll MOK`, kisha `Continue`, kisha `Yes`, akaandika nenosiri, akachagua `Reboot`. Alinipigia simu katikati ya zoezi kuuliza kama `View key 0` ni lazima. Si lazima. Ni ya mwenye kutaka kuutazama ufunguo.

Ubuntu ikawaka. Wi-Fi hamna.

Hapo nami nilikuna kichwa. Nikamwomba tena ile amri ya kwanza kabisa, ya `lspci`. Ilikuwa imebadilika. Mstari wa `Kernel modules` sasa ulisomeka `bcma, wl`, lakini mstari wa `Kernel driver in use` ulikuwa umetoweka. Yaani wl ipo na inaitambua kadi, bcma imewekwa pembeni na pakeji mpya kama inavyotakiwa, ila hakuna aliyeishika kadi. Nikamwambia aandike `sudo modprobe wl`. Kimya. Safari hii kimya cha heri: baada ya pumzi mbili orodha ya mitandao ikafunguka, ya hosteli, ya duka la chini, ya simu za watu chumba cha pili. Alinipigia simu ya video kunionyesha. Mwenzake wa chumbani alikuwa nyuma anashangilia kama Simba imefunga.

Nililala nikijua kesi haijafungwa. Draiva isiyojiita yenyewe inapoona kadi yake, mpaka iitwe kwa mkono, ina sababu. Na kweli, asubuhi ujumbe: "Anko, imepotea tena. Linux inafanya kazi inapojisikia?"

Ukiona kitu kinafanya kazi ukikiita kwa mkono na kinapotea ukiwasha upya, tafuta aliyekikataza kuja mwenyewe. Linux ina mahali pa makatazo hayo, folda ya `/etc/modprobe.d`. Mafaili yake yana neno `blacklist` likifuatwa na jina la moduli. Katazo hilo lina tabia moja inayochanganya: linaizuia moduli isijipakie yenyewe, lakini halizuii mtu kuiita kwa jina. Hiyo ndiyo picha tuliyokuwa nayo. Tukatafuta:

`grep -rw wl /etc/modprobe.d/`

Jibu la mstari mmoja: `/etc/modprobe.d/blacklist.conf:blacklist wl`.

Ule mstari wa siku ya pili. Maelekezo aliyoyafuata yalikuwa ya mwenye chipu inayohitaji b43, na kwake huyo wl ni mvamizi anayepaswa kufungiwa nje. Kwa mwenye BCM43142 mambo ni kinyume kabisa: wl ndiye mwenye nyumba. Maelekezo yalikuwa sahihi, yaliandikwa na mtu anayejua kazi yake, ila yaliandikwa kwa ajili ya kadi nyingine. Hapa nadhani ndipo pa kukazia macho katika kisa chote. Mpwa wangu hakuharibu kwa kufuata maelekezo mabovu. Aliharibu kwa kufuata maelekezo mazuri ya kadi isiyo yake, na asingeweza kujua kwa sababu hakuwa amepiga `lspci`.

Akafungua faili kwa `sudo nano`, akaufuta mstari, akamalizia na `sudo update-initramfs -u` ili hata ile picha ndogo ya mfumo inayopakiwa mwanzo wa kuwaka isibaki na nakala ya zamani ya katazo. Akawasha upya mara tatu mfululizo, kwa kutoamini. Mara zote Wi-Fi ikaja yenyewe.

Yale mafaili ya b43 aliyoyatupia `/lib/firmware` tuliyaacha. Hayana madhara, hakuna anayeyaita. Kuna watu wangemfanya asimike upya mfumo mzima ili "uwe safi". Sioni haja.

Miezi kama miwili baadaye alinitafuta tena. Amesasisha, kerneli mpya imeingia, Wi-Fi imetoweka. Safari hii alinitumia `lspci` kabla sijaomba, pamoja na `dkms status`, ambayo ilionyesha bcmwl imejengwa kwa kerneli ya zamani tu. Kwa mpya ilishindwa kukusanyika. Hiyo ndiyo kodi ya draiva chotara: kerneli ikibadilika mahali panapoigusa, ganda lake linahitaji kiraka kipya, na kiraka kinaweza kuchelewa. Nikamwambia awashe upya, abonyeze Esc au ashike Shift mpaka menyu ya GRUB, ile ya kuchagulia cha kuwasha, itokee, aingie `Advanced options for Ubuntu`, achague kerneli iliyotangulia. Wi-Fi ikarudi. Akakaa nayo hiyo mpaka pakeji iliyosasishwa ilipofika.

Akaniuliza kama si bora kununua kidongo cha USB cha Wi-Fi, aachane na habari hizi. Ni wazo la maana, kwa sharti kwamba anunue chipu, asinunue jina la boksi. Mfano ninaoutoa kila mara ni TP-Link TL-WN722N. Toleo la kwanza lilikuwa na chipu ya Atheros AR9271, ambayo Linux inaifahamu vizuri. Toleo la 2 na la 3 yakabadilishwa kuwa Realtek RTL8188EUS, kifaa kingine kabisa ndani ya umbo lilelile. Kwenye boksi tofauti ni neno dogo tu la toleo, na muuzaji wa dukani hawezi kujua. Vidongo vyenye chipu za MediaTek kama MT7610U au MT7612U navyo draiva zake zimo kwenye kerneli. Kubadilisha kadi ya ndani akaweka ya Intel kungekuwa bora zaidi, isipokuwa laptopu kadhaa za umri ule zina orodha kwenye BIOS ya kadi zinazokubalika, na kadi iliyo nje ya orodha hukataliwa mashine inapowaka. Kwa BIOS iliyofungwa na nenosiri la mtu wa ng'ambo, hiyo ni bahati nasibu. Aliamua kubaki na kadi yake.

Wiki iliyopita ameleta lingine. Hosteli imefungiwa ruta mpya, na simu yake inaona majina mawili, moja likiishia na 5G. Laptopu inaona moja tu. Alishapekua `/etc/modprobe.d` yote, akapiga `rfkill list`, akasoma `dmesg`, ujumbe wa kerneli, mpaka macho yakamuuma. Nikamwambia arudi kwenye ile picha ya kwanza, aliyoipiga imekaa upande, asome maandishi yaliyo baada ya jina la chipu: b/g/n. Kadi hii ina redio ya gigahezi 2.4 peke yake. Mtandao wa gigahezi 5 haujawahi kuuona tangu itoke kiwandani, na hata akirudisha Windows leo hautauona.

"Kwa hiyo hilo si la Linux, anko?"

Hilo si la Linux.